Kabla hujafunga betri ya lithiamu, pima chaji kwanza

Kwa pikipiki ya porini inayopanda Newala, faida kubwa ya lithiamu ni uzito: betri ya risasi ya 7Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa chaji) ina kama kilo 2.5, ya lithiamu yenye nguvu ileile ya kuzungusha stata haifiki kilo 1. Ila chunga namba ya Ah kwenye boksi. Wengine huandika Ah za kulinganisha na risasi, ujazo halisi ni kama theluthi tu. Asubuhi inawaka vizuri, lakini sahau swichi ikiwa imewashwa usiku mmoja, uone chaji inavyoisha. Ikishuka chini sana ya volti 10 mara nyingi haifufuki.

Pima rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) injini ikiwa mizunguko 5,000 hivi kwa dakika: mita isome volti 13.8 hadi 14.6. Ikipita 15, badilisha rektifaya kwanza, la sivyo seli zitavimba. Chaja za kusafisha salfeti (uchafu wa ndani ya betri za risasi), usiziguse.

Betri huwa ndogo kuliko nafasi yake, jazia sponji. Angalia chanya iko upande gani. Kufungua anza na hasi, kufunga malizia nayo. Kwa wa Mikindani, chumvi ya bahari inakula vichwa vya betri: kaza nati, ndipo upake grisi.