Mbawakawa wa Uluguru na safari ndefu ya kumpa jina

Jina lake sitaliandika hapa. Makala yetu imekubaliwa ila haijachapishwa, na kwa kanuni za kutaja wanyama, jina likitangulia kutoka bila maelezo ya spishi yenyewe linakuwa jina tupu, halina nguvu popote. Tumwite Mweusi basi. Ni mbawakawa wa ardhini, familia ya Carabidae, urefu wake milimita 9 hivi, na hawezi kuruka.

Watu huniuliza nilimpataje, kana kwamba hapo ndipo penye kazi. Kumpata kulikuwa rahisi: unafukia vikombe vya plastiki hadi midomo yake ilingane na ardhi, unatia siki na tone la sabuni, unaweka kipande cha gome juu ili mvua isijaze, unaondoka. Usiku hawa huwinda, wakikimbia chini ya majani makavu, na wengine hutumbukia. Vibali vya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na vya kuingia hifadhini vilinichukua muda mrefu kuliko mitego. Mzee aliyetuongoza kule juu ya Morogoro alinitazama nikichuja kikombe akasema, "Mwanangu, yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuokota dudu?" Nikamjibu, "Ndiyo, babu, na hili huenda halina mwenye kulijua." Akacheka, lakini siku iliyofuata ndiye aliyekuwa akigeuza magogo kwa bidii kutushinda sote.

Shaka kwamba huenda ni spishi mpya ilianza kwa sababu ya mahali. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita huko Kenya na kushuka kupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa na Mahenge. Misitu yake ya juu imetengwa na nyanda kavu zenye joto. Ndege huvuka, mdudu asiye na mabawa ya kurukia havuki. Anabaki mlimani kwake, kizazi baada ya kizazi, mpaka anakuwa tofauti na binamu zake wa mlima wa jirani. Kwa hiyo Mweusi alipokataa kuingia katika ufunguo wowote wa utambuzi niliokuwa nao, yaani orodha ya maswali inayokufikisha kwenye jina la mdudu, sikushangaa sana.

Ila shaka si ushahidi. Majina ya wanyama huhesabiwa tangu mwaka 1758, toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina hayo, na aliyetangulia ndiye mwenye haki. Ukimpa jina mdudu ambaye Mjerumani fulani alishampa, lako linageuka kisawe, yaani jina la ziada lisilotumika, na wewe unakuwa umewaongezea wenzako kazi. Wadudu wa kwetu walianza kuandikwa zamani: Gerstaecker, mtaalamu wa wadudu Mjerumani, alichapisha mwaka 1873 kuhusu waliokusanywa katika safari za Mjerumani mwenzake von der Decken. Mwaka 1957 wakaja Basilewsky na Leleup na msafara wao wa Afrika Mashariki, na Basilewsky huyo alikuwa bingwa wa Carabidae hasa, akiandika kwa Kifaransa. Maandishi mengi ya kale yamewekwa mtandaoni bure katika Biodiversity Heritage Library. Nilikaa na kamusi, na rafiki aliyekulia Bujumbura akanisomea sentensi za Kifaransa zilizonishinda.

Shida ya maandishi hayo ni ufupi. Mistari michache ya Kilatini: mweusi, anang'aa, miguu ya kahawia. Nusu ya mbawakawa wa msituni wanafaa hapo! Ndiyo maana lazima ufike kwenye sehemu ya siri ya dume, samahani kwa wenye haya. Katika kundi hili spishi mbili zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, lakini uume ukawa na umbo tofauti kabisa. Dume unamtambua kwa nyayo za mbele zilizopanuka. Unamloweka katika maji ya moto alainike, unafungua ncha ya tumbo kwa pini nyembamba, unavuta kile kijibomba kigumu, unakiweka kwenye myeyusho wa potasi wa asilimia 10 ili nyama iyeyuke, unasuuza, kisha unakitia kwenye gliserini, hii hii ya duka la dawa. Kahawa usinywe kabla. Mkono ukitetemeka umepoteza kielelezo. Ncha ya Mweusi ilikuwa imepinda kulia na kuwa na kijino ambacho sikukiona katika mchoro wowote.

Hata hivyo michoro haitoshi. Holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina, za jamaa zake wa karibu ziko Ulaya, na nauli sikuwa nayo. Niliwaandikia wahifadhi wa makumbusho nikitaja kielelezo kipi, kutoka mlima gani, na pembe gani nataka ipigwe picha. Barua ya "naomba msaada kuhusu mbawakawa wa Afrika" haijibiwi, na sioni kwa nini ijibiwe. Picha zilikuja, hata za vibandiko vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono "D. O. Afrika", yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na basi, bila kijiji wala mwinuko. Hapo nikaelewa kwa nini walimu wetu walikuwa wakali kuhusu vibandiko.

Picha zangu nilipiga kwa simu iliyofungwa kwenye hadubini, nyingi kwa nyingi, kila moja ikilenga kina chake, kisha programu ya bure ikaziunganisha. Mabawa magumu yanang'aa mno, kwa hiyo nilimzungushia mdudu karatasi ya kufuatishia michoro ili mwanga utulie.

Jina lilileta mabishano matamu. *Uluguruensis*, yaani "wa Uluguru", limeshatumika kwa viumbe wengi, ingawa kanuni inakataza kurudia ndani ya jenasi moja tu, yaani kundi moja la spishi za karibu. Mimi nililiona la uvivu. Kanuni inaruhusu neno la lugha yoyote, nasi tukachukua la Kiluguru.

Tangu mwaka 2000 ni lazima pia useme holotaipu itahifadhiwa wapi. Nilisisitiza ibaki Tanzania, ili mwanafunzi wa kesho asilazimike kuomba picha kama mimi. Mwenzangu wa makala aliogopa unyevu, ukungu na wale Dermestidae wanaotafuna vielelezo vikavu, ambao nao ni mbawakawa. Hofu yake ina msingi, lakini Ulaya si dawa ya kila kitu, na hakuna jengo lisiloungua: makumbusho ya taifa ya Rio de Janeiro iliteketea mwaka 2018 na mamilioni ya wadudu wake. Tukakubaliana holotaipu ibaki hapa katika sanduku lenye kifuniko kinachobana, na parataipu, yaani vielelezo vingine tulivyotumia kuieleza spishi, zigawanywe, nyingine zikae nchini na nyingine zivuke bahari kwa kibali.