Kidonge cha usiku

Daktari aliniandikia amitriptilini, dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, miligramu 25, nimeze kabla ya kulala. Nikadhani asubuhi nitaamka mzima, kama mtu aliyemeza panadol. Niliamka kinywa kikavu kama nimebugia unga wa muhogo, na mchana nikasinzia juu ya cherehani hadi nikashona mkono wa gauni la mteja ndani nje.

Wiki ya pili nikampigia mama mdogo: dawa hizi zinanilewesha tu, naacha.

“Mwanangu, hata mchicha ukipanda unangoja.”

Kliniki walikuwa wameniambia hivyo hivyo, ila sikusikia: maudhi huja kwanza, nafuu baadaye. Serotonini na noradrenalini ni kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Dawa huzizuia zisirudishwe haraka zilikotoka. Hilo hutokea mapema, lakini huzuni yenyewe huchukua wiki kadhaa kupungua, mara nyingi mbili hadi sita. Na hata ukipona, unaendelea miezi sita au zaidi, kisha dozi inapunguzwa pole pole na daktari. Ukikata ghafla unaweza kupata kichefuchefu, mahangaiko na usingizi wa mang'amung'amu. (Jirani yangu huita huo uteja, yaani uraibu. Mteja wa dawa za kulevya hutamani dawa yake. Mimi hiki kidonge, hadi simu inikumbushe kukimeza.)

Wiki ya tano nilijikuta nabishana na muuza dagaa. Miezi yote ile nilikuwa nalipa bei yoyote ninayotajiwa, kimya. Alinipunguzia mia tano.