Chupa za nzi, wiki ya tisa: yule wa njano hakuwa wa njano

Nafuga nzi kwenye chupa nikitafuta jeni iliyoharibika yenyewe, na leo nianze na lililoniuma. Jumanne alfajiri nimekagua chupa namba 7 nikaona dume mmoja mwili umepauka, njano kabisa, wenzake wote kahawia na mistari yao, nikampiga picha kwa ile lenzi ya kubandika kwenye simu, nikamwamsha na mama. Mama kaja na kanga yake, "mwanangu kuna nini tena na hao nzi wako", namwambia mama huyu huenda jeni yake ya rangi imekufa bila mtu kuigusa. Saa tano narudi kumtazama, kawa kahawia kama ndugu zake. Kumbe nzi akitoka tu kwenye pupa (lile ganda ambamo buu anageuka nzi) anakuwa mweupe-mweupe na laini, rangi inakolea baada ya masaa kadhaa. Na mi nilishamwandika kwenye daftari kwa wino.

Kwa asiyejua, hawa si wale nzi wakubwa wanaotoboa maembe wakayatia funza. Hawa ni wale wadogo wa macho mekundu wanaozunguka ndizi zikiiva, Drosophila. Niliwanasa kwa ndizi za soko la Mgandini, kila chupa ikaanza na jike mmoja aliyeshapandwa, watoto wake nikawaacha wazaane wenyewe kwa wenyewe. Nzi ana nakala mbili za kila jeni, ile nzima inaifunika mbovu, ndo maana nazalisha ndugu, mbovu mbili zikutane. Isipokuwa zilizo kwenye kromosomu X (kromosomu ni uzi unaobeba jeni), dume anayo moja tu, ikiharibika hana pa kujificha. Mwanasayansi Thomas Hunt Morgan alimpata hivohivo dume wa macho meupe kule New York mwaka 1910.

Chakula nimeshatulia nacho: unga wa mahindi, sukari, hamira, siki kidogo kuzuia ukungu, na badala ya aga, ile ya kugandishia chakula maabara, nachemsha mwani wetu huuhuu wa pwani mpaka uvute. Unaganda laini kuliko aga ila mabuu wanachimba vizuri tu. Shida kubwa Tanga ni joto. Jaribio la kwanza la Februari lilikufa lote kwa sababu ikipita nyuzi 30 hivi madume wanakuwa tasa, mayai yapo hayaanguliwi. Sasa hivi kuna upepo wa kusi, chupa naziweka kwenye karai la maji na kitambaa kibichi juu, wanazaana.

Mdogo wangu wa kidato cha nne kila siku ananiuliza, "kaka, kwa nini unangoja jeni iharibike yenyewe, si uizime?" Hapa nyumbani siizimi, hiyo ni kazi ya maabara yenye vibali, lakini nimekaa miezi nasoma wanavyofanya na ndo kitu kinachoninyima usingizi. Zamani walikuwa wanavunja jeni bila kuchagua: mwanasayansi Hermann Muller aliwapiga nzi eksirei mwaka 1927, baadaye ikaja kemikali ya kuwanywesha madume kwenye maji ya sukari (sumu ya saratani hiyo, usiiguse), halafu kipande cha DNA kinachorukaruka na kujipachika katikati ya jeni. Njia zote hizo unavunja kwanza, kisha unaanza kutafuta ulichovunja ni kipi. CRISPR, mkasi wa kukata DNA, imegeuza mambo, unachagua herufi za DNA za kukatwa, seli ikijaribu kuunga inakosea, herufi moja au mbili zinapungua au kuzidi na maelekezo yote yanayofuata yanavurugika. Kwa nzi walianza mwaka 2013, na moja ya jeni walizojaribia ndo hiyohiyo ya rangi ya mwili, inaitwa yellow, kwa sababu matokeo unayaona kwa macho.

Ila ukiiua jeni ambayo yai linaitegemea hupati nzi, unapata yai lililokufa, na hujajifunza ile jeni inafanya nini kwenye ubongo wa nzi mzima. Ndo maana mi naipenda zaidi ile ya kuzima kwa RNA (molekuli ndugu ya DNA) ya nyuzi mbili. Seli ikiiona inaikatakata, vile vipande vinaenda kuwinda ujumbe wa jeni unaofanana navyo na kuukata kabla haujawa protini. Jeni yenyewe iko salama, sauti yake tu imeshushwa. Nilidhani unawalisha tu kwenye chakula, kumbe kulisha kunafanya kazi kwa wale minyoo wa maabara, kwa nzi haienei mwilini vizuri. Kwa hiyo wanafuga koo mbili: ukoo mmoja una swichi iliyotolewa kwa hamira, GAL4, inayowaka tuseme kwenye jicho tu, ukoo wa pili una maelekezo ya hiyo RNA yanayosubiri swichi. Kila ukoo peke yake mzima, ukiwapandisha, watoto jeni imezimwa jichoni tu na kwingine inafanya kazi. Na kuna kizuizi kingine kinachosikia joto, nyuzi 18 swichi imefungwa, ukiwahamishia 29 inafunguka! Yaani unaacha nzi akue mpaka mkubwa ndo unazima. Mi napigana na joto kwa karai na kitambaa, wenzetu wamelifanya kitasa.

Haya, chupa namba 4 ina dume mwingine wa njano. Huyu nimemngoja siku tatu nzima, hajabadilika. Jana nimemweka na majike watatu wa chupa namba 2, niliwatenga mapema baada ya kutoka kwenye pupa maana yakipita masaa manane hivi huna uhakika tena hawajapandwa. Kama ni jeni ya kwenye X, watoto wote watakuwa kahawia, X ya baba inakwenda kwa mabinti tu na inafunikwa, halafu kwa wajukuu nusu ya madume watatoka njano. Kila kizazi siku kumi hivi kama joto halijapanda. Safari hii nimeandika kwa penseli.