Viti vitatu vya mabanzi na pongo wa bondeni

Mwaka jana mwezi wa tatu baba mdogo alikuja kwangu na bunda la waya kwapani. Maharage yake ya bondeni, yanayopakana na yangu, yalikuwa yanakatwa vichwa kila usiku, na mwizi alishamjua. "Ni yule pongo wenu," akasema, kana kwamba yule swala wa msituni nimemfuga mimi. Alitaka kutega njia yote inayotoka msituni.

Nilimwomba mwezi mmoja nikaangalie kwa macho yangu. Habari za sheria sikuanza nazo, maana mzee ukimwanza na sheria hasikii tena. Nilimwambia tu kwamba waya hauchagui, na kwamba mbuzi wa kwanza kunaswa huenda akawa wake mwenyewe. Siku ya pili, baada ya chai, ndipo nikamtajia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009: mnyamapori ni mali ya umma hata akisimama katikati ya maharage yako, na kumwinda bila leseni ni kosa. Akanitazama, akainuka na waya wake. "Mwezi mmoja, mwanangu. Siyo miwili."

Kwetu ni Mufindi, upande wa ukingo wa milima. Juu kuna chai na miti ya milingoti, chini kuna korongo lenye msitu wa asili uliobaki, na mashamba yetu yametundikwa kwenye mteremko katikati. Nimekulia kwenye ulingo. Marehemu baba aliujenga kila msimu wa mahindi, nguzo nne na jukwaa la fito, nasi watoto tulishinda juu yake na debe na kombeo tukifukuza ngedere. Lakini ulingo ni chombo cha kelele: unataka mnyama akuone, akusikie, akimbie. Mimi nilitaka asijue kabisa kama nipo. Halafu ukipanda mita tatu juu kwa ukungu wetu huu, nusu saa tu meno yanagongana.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu wawindaji wa Uingereza na viti vyao vifupi vya kumvizia kulungu: mbao chache, egemeo, matawi mbele, basi. Wengi wao hupenda jukwaa la juu, na sababu mojawapo ni risasi. Ukipiga kutoka juu, risasi ikikosa au ikipenya inazama ardhini; ukiwa chini, lazima nyuma ya mnyama pawe na kilima cha kuipokea. Silaha yangu ni darubini ya mtumba, kwa hiyo hilo halikunihusu. Kulungu wale wa pembe za matawi, zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, huku kwetu hawapo. Katika Afrika nzima wa asili wako kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Ila tabia ni zilezile za pongo: kutoka kichakani alfajiri na jioni, pua kali, woga wa kila kitu.

Kabla ya kupigilia msumari hata mmoja nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji kumweleza. Mtu anayejificha kando ya msitu saa kumi na moja alfajiri asiyetoa taarifa, kila mtu atajua anatafuta nini, bila hata kumuuliza.

Kiti cha kwanza nilikijenga kwa fahari, na kila kitu nilikosea. Nilikiweka juu kabisa ya shamba ili nione bonde lote. Nilikifanya kirefu kama kiti cha mezani, miguu ikafa ganzi. Miguu ya mirunda niliipaka oili chafu kuzuia mchwa, kama tunavyofanya kwenye nguzo za uzio. Mbele nikatundika turubai la bluu. Nikakaa asubuhi kumi na nane. Pongo nilimsikia mara mbili, akibweka kama mbwa kutoka ndani ya msitu, yaani ameshanijua na anawaambia wengine. Mwezi wa baba mdogo ukaisha mimi nikiwa nimeona kanga tu.

Nikaenda kwa mzee mmoja jirani, zamani alikuwa mlinzi wa msitu. Alikuja na fimbo yake, akakizunguka kiti, akakinusa. Kweli, alikinusa. Akacheka, akanisalimia Kihehe. "Kamwene, fundi. Mwenyewe hausikii hii gereji?" Kisha akachota majivu mfukoni, akayaachia hewani. Yakateremka taratibu, yakafuata mteremko moja kwa moja hadi kwenye njia ya wanyama. "Umejijengea mahali pazuri pa kunuswa," akasema.

Hapo ndipo nilipojifunza. Milimani hewa ya usiku hupoa, huwa nzito, nayo huteremka kama maji yanavyofuata korongo. Alfajiri bado inashuka. Jua likishapiga mteremko vizuri, kwetu ni kama saa tatu asubuhi, hewa inapata joto na kugeuka, inaanza kupanda. Jioni inarudi kushuka. Kwa hiyo alfajiri mtu akae chini ya njia ya mnyama, harufu ianguke mtoni. Jua likikolea akae juu yake. Na siku za upepo wa kusini-mashariki, ule unaotuletea manyunyu, hakuna chini wala juu, unakaa ubavuni au unabaki kitandani.

Ina maana kiti kimoja, hata kikiwa cha mpingo, hakitoshi. Vinatakiwa vitatu, na vitatu utavimudu tu vikiwa rahisi kiasi kwamba hata ukikosea mahali huumii moyo kukihamisha.

Mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikipasuliwa, niliyapata kwenye mashine ya kupasulia mbao, hizi tunazoziita ding dong. Kijana wa pale aliniuzia mzigo wa kichwa kwa bei ya soda. Mirunda nilikata kwenye milingoti yangu. Kila kiti: mirunda miwili ya mita moja na nusu nyuma, ndiyo inayobeba egemeo, na miwili mifupi mbele, yote imezama ardhini kama sentimita 40. Sehemu ya kukalia iko sentimita 38 kutoka chini. Nilijaribu urefu kadhaa kwa kukalia matofali jikoni, mama watoto akiniuliza kama niko sawa. Banzi nililimenya gome lote, maana chini ya gome ndiko wadudu wanakoishi na gome likikauka linalia, kisha nikalilaza upande bapa juu. Oili chafu nikaiacha. Ncha za mirunda nilizichoma motoni mpaka zikawa nyeusi, kama wazee walivyofanya.

Misumari niliitumia kidogo sana. Mbao mbili zilizopigiliwa zikilegea husuguana, na mlio wake alfajiri unafika mbali kuliko sauti ya mtu. Nilichana tyubu ya baiskeli vipande vyembamba nikafunga maungio yote kwa kuvuta. Mpira hauna kelele, na mvua ikilowesha kamba, mpira haujali. Ukitoa nguvu zangu, kila kiti hakikufika shilingi 5,000.

Ukuta wa mbele ni fito za milanzi, mianzi ya kwetu, zilizosukwa matawi mabichi, kimo cha sentimita 95, macho yangu yanapita juu kidogo tu. Turubai la bluu nilimpa mama watoto aanikie mahindi. Wanyama wengi wa kwato hawatofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani, ila bluu wanaiona vizuri sana, kwa hiyo nilikuwa nimewawashia taa. Ukuta wenyewe hata hivyo si jambo kubwa kama nilivyodhani. La maana zaidi ni mgongo: nyuma yako pawe na shina nene au kichaka cheusi, kichwa kisijichore angani. Pia fagia majani yote chini ya miguu mpaka udongo, na njia ya kufikia hapo, hatua ishirini za mwisho. Paa usiweke. Matone juu ya bati au nailoni yatakuziba masikio, na masikio yanamjua pongo kabla ya macho. Fimbo ni lazima, upige chini ya kiti kabla ya kukaa. Mara moja nilimkuta kifutu amejikunja pale ambapo ningeweka kisigino.

Wiki ya pili kwenye kiti cha chini, ukungu ukiwa umeanza kupasuka, niliona kijiti kikitikisika bila upepo. Kilikuwa pembe. Dume, kahawia ya giza, madoa meupe pajani, pembe zimejipinda mara moja. Alisimama muda ambao nilihisi ni saa nzima, huenda zilikuwa dakika nne. Kisha akaingia kwenye maharage ya baba mdogo, akala. Nilisikitika, nakiri. Lakini alikula kama mtu anayeonja mboga: jani hapa, jani pale, akavuka.

Waliokuwa wanakula kweli niliwaona nilipogeuza darubini upande wa pili. Sungura. Wanne, wameenea kwenye mistari kama vibarua.

Jua lilipopanda nikaenda kukagua mashina. Pongo hana meno ya mbele juu, kwa hiyo anavuta na kuchana, shina linabaki na nyuzinyuzi. Sungura anakata mshazari, safi, kama kwa kisu. Nilihesabu mstari mmoja: mashina 31 yaliyokatwa, 27 ya kisu. Nikayang'oa yote nikampelekea baba mdogo kwenye ungo. Aliyageuza moja moja, hakusema kitu. Jumamosi yake tulijenga uzio wa fito za milanzi zilizobanana, kimo cha paja, kuzunguka shamba lake. Fito tulizifunga kwa ule waya wake.

Pongo bado anaonja, uzio ule anauruka bila hata kuchutama. Baba mdogo hulalamika, lakini hulalamika kwa namna ya mtu anayemtaja mkwe.

Wiki iliyopita nilishuka alfajiri nikakuta kiti cha chini kina mtu. Baba mdogo, koti limefungwa mpaka shingoni, majivu kwenye soksi mkononi. Hakugeuza kichwa. Alininyooshea kidole tu nirudi nilikotoka, maana nilikuwa nimesimama upande wa upepo.