Nilivyopata leti yangu ya kwanza ya kuchonga vyuma hapa Mwanza

Wakuu, mimi nina kibanda cha ufundi nyumbani huku Igoma, kazi zinazonijia ni bushi na puli za mashine za kusaga, pini, na vitu vya injini za boti kutoka Kirumba mwaloni, na kila cha kuchonga nilikuwa napeleka Nyakato nakaa foleni huku mteja anapiga simu. Nikaamua kutafuta leti yangu, yaani mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga.

Nilianza na kazi kwanza, mashine baadae. Nyingi hazifiki milimita 150 kipenyo na urefu ni mfupi, kwahiyo leti ya kuzungusha kipenyo cha milimita 300 juu ya bedi (reli ndefu za chini) na urefu wa 600 kati ya senta, zile ncha mbili zinazoshika kazi huku na huku, inanitosha kabisa, ila mjue ile 300 ni juu ya bedi tu, ukifika juu ya kroslaidi, ile sehemu inayobeba kisu na kukisogeza kukatiza bedi, nafasi inapungua sana na hapo ndipo kazi ndefu inapopita. Shafti ndefu za boti bado napeleka Nyakato na sioni shida.

Nikaipata ya mtumba, ya Uingereza, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga karakana. Rangi sikuiangalia. Nilikaza keriji, yaani kigari kinachotembea juu ya bedi, kidogo karibu na chaki inayoshika kazi, pale bedi inapolika zaidi, halafu nikaisukuma mpaka upande wa telstoki, kile kichwa cha mwisho kinachoshikilia ncha ya pili ya kazi, kama inakwama huku ujue bedi imeliwa kule. Halafu nikafunga chuma kwenye chaki, nikaweka geji ya mshale inayoonyesha hata msogeo mdogo, nikakiinua chuma kwa nguvu, mshale ukiruka sana beringi za spindo, ile shafti inayozungusha chaki, zimechoka. Mzee akaniambia "kijana, wewe umekuja kununua kweli", akawasha nikasikiliza gia zote moja moja.

Sasa umeme. Mota ilikuwa ya fezi tatu na nyumbani nina fezi moja, wengi hapa wanakata tamaa, lakini soma kibao cha mota. Yangu imeandikwa 230/400, maana yake ukiiunga delta, yaani waya zake kwa mtindo wa pembetatu, inakula volti 230, kwahiyo nikaweka invata inayoingiza fezi moja na kutoa tatu, na faida yake spidi unapandisha na kushusha kwa kitufe. Mota iliyoandikwa 400 peke yake ningeiacha.

Pesa sikuimaliza kwenye mashine, na hili nalisisitiza sana, theluthi nzima niliacha ya vifaa maana leti bila vifaa ni chuma kizito tu. Cha kwanza chaki ya taya nne, kila taya inajitegemea, hiyo ndio inashika bushi iliyolika upande au kipande chenye pembe na ukiwa na geji unakiweka katikati vizuri kuliko taya tatu. Halafu chaki ya dirili ya telstoki, venia na maikromita za kupimia, na grenda ya kunolea. Tuli, yaani visu vya kukatia, nilichukua za HSS, chuma kigumu kinachovumilia joto, unazinoa mwenyewe umbo unalotaka, na chuma laini zinakata vizuri kwa mita 30 hivi kwa dakika, yaani chuma cha milimita 30 kizunguke kama mara 320 kwa dakika.

Kuifunga niliikalisha kwenye zege, nikapima kwa pimamaji bedi isijipinde, halafu nikachonga chuma bila telstoki nikalinganisha kipenyo cha huku na kule kuona kama inakata sawa. Unyevu wa ziwa unaleta kutu haraka, kila jioni napaka oili bedi nzima. Na ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata sekunde, glavu hapana, nguo ya mikono mirefu hapana.

Kilichobaki ni gia ya meno 127. Skrubu ndefu inayovuta keriji ya mashine yangu wakati wa kukata uzi wa bolti ni ya inchi na nyuzi za boti huku ni za milimita, inchi ni 25.4, ukizidisha kwa 5 unapata 127, bila hiyo uzi hautoki sawasawa. Nimeshapata fundi wa kunichongea.