Fortingall, kijiji cha mapaa ya nyasi

Wakati huo naishi Dundee, nilikua sijamaliza hata mwaka Uskoti, mwenzangu wa kazini akaniambia jumapili twende nikakuonyeshe mti mkongwe kuliko yote nchini kwetu. Tukaondoka asubuhi, tukapita Aberfeldy, kutoka hapo barabara ikawa nyembamba, milima na kondoo tu mpaka tukaingia Fortingall. Kijiji chenyewe kanisa moja, hoteli moja na nyumba chache za kando ya barabara, basi.

Mti wenyewe wanauita yew, uko uani kwa kanisa, umezungushiwa ukuta manake zamani wageni walikua wanaukata vipande kwenda navyo kwao. Wengine wanasema una miaka 2,000, wengine 5,000. Mwaka 1769 shina lilipimwa likapatikana futi 52 kuzunguka, ila sasa katikati pameoza pakaisha, yamebaki mapande yamesimama mbalimbali na bado yanatoa majani mabichi kabisa. Ng'ambo ya barabara, kwenye konde, kuna kilima kina jiwe juu yake, limeandikwa kwamba hapo wamelala waliokufa kwa tauni karne ya 14, waliletwa kwa farasi mweupe akiongozwa na bibi kizee. Yule bibi nilimfikiria sana, yaani kijiji kizima kinakufa na yeye ndiye wa kuwabeba.

Lakini kilichonisimamisha ni mapaa. Nyumba za mawe zimeezekwa nyasi! Mie nimezaliwa Likoni chini ya makuti, nikasimama barabarani natazama tu. Mwenzangu akanieleza, kijiji hiki alikijenga upya tajiri wa meli, Sir Donald Currie, alinunua ardhi ya Glenlyon mwaka 1885. Nikamuuliza meli gani. Akasema Castle, ile kampuni ambayo mwaka 1900 iliungana na nyingine ikawa Union-Castle.

Wallahi nilishikwa na baridi isiyo ya hewa. Babu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikua kuli bandarini Kilindini miaka ya hamsini, na hadithi zake zote zilikua za meli za Castle, ubavu zambarau, dohani nyekundu yenye ncha nyeusi, na yeye na magunia ya kahawa na marobota ya katani mgongoni. Currie alikua keshakufa zamani, 1909, lakini jina lile la Castle lilianzia kwake, na mimi nimesimama mbele ya nyumba zake.

Nikampigia mama palepale. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na hizo nyasi wameezeka vizuri?"

Nikageuka nikatazama tena. Nikamwambia nzuri mama, nene kuliko za kwetu, na mvua inanyesha saa hii na haziingizi tone.

"Haya," akasema. "Nipigie picha."