Shahawa nyingi, mayai meupe: tatizo lilikuwa mkojo

Madume yangu ya samaki aina ya karpu yalikuwa yakitoa matone machache tu ya shahawa. Nikayachoma sindano ya dondoo ya tezi ya pituitari (tezi ndogo ya ubongoni yenye homoni za uzazi), miligramu 2 kwa kila kilo ya samaki, na kesho yake shahawa zikatoka kwa wingi. Nilifurahi mno. Lakini nilipozichanganya na mayai, mengi yaligeuka meupe na kuoza.

Jibu nililipata kwenye hadubini. Mbegu za samaki huyu hulala tuli ndani ya shahawa. Zikigusa maji ndipo huamka, zikaogelea kwa muda mfupi sana, kisha nguvu huisha. Zangu zilikuwa zikiogelea kabla sijatia hata tone la maji! Nilipokamua tumbo, mkojo ulitoka pamoja na shahawa, ukaziamsha mapema.

Sasa nakamua mkojo kwanza, taratibu, nafuta tumbo hadi likauke, kisha navuta shahawa kwa bomba kavu la sindano. Tone lolote lenye rangi ya njano namwaga, hata kama inauma. Nachanganya na mayai yakiwa makavu, maji yanafuata mwisho. Homoni ni ileile, kipimo kilekile, na mayai sasa yanatungishwa vizuri.